Barua ya wazi kwa wasimamizi wa makumbusho ya polisi: mwanangu bado anauliza aliiba nini

Kwa Mkurugenzi wa Makumbusho,
Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi,
Na kwa uongozi wa polisi wenye dhamana ya makumbusho haya.

YAH: ZIARA YA WATOTO KATIKA MAKUMBUSHO YENU YA HISTORIA YA POLISI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Naandika hadharani kwa sababu milango mingine nimekwisha kuibisha. Siku yenyewe ya ziara niliandika malalamiko katika kitabu cha wageni, ukurasa mzima, mpaka dada wa mapokezi akaniuliza kama nahitaji karatasi ya ziada. Wiki iliyofuata nilileta barua kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nilipopiga simu baada ya mwezi niliambiwa suala langu "linafanyiwa kazi". Nilipopiga tena, aliyepokea alisema hivyohivyo, kisha akaniuliza suala lenyewe ni lipi.

Sikuja kwenu kwa shari. Nina binti wa miaka 9 na mvulana wa miaka 6, na siku ile tulikuwa na mtoto wa kaka yangu, miaka 11, ambaye amekwisha kuamua kuwa mpelelezi na hatembei bila daftari la kuandikia mambo ya kutilia shaka, mengi yakinihusu mimi. Ndiye aliyeomba twende. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Watoto wengi humjua polisi kwanza kwa kutishiwa naye: nyamaza, polisi anakuja, kula, au nimwite polisi. Nimewahi kuyasema hayo mwenyewe, nikiwa nimechoka. Halafu watoto haohao tunawaagiza wakipotea kwenye umati wamtafute mtu mwenye sare. Watamkimbiliaje mtu tuliyekwisha kumgeuza zimwi? Nilitumaini kwamba kwenu wangemwona polisi kama mtu mwenye kazi, tena kazi yenye mipaka. Kwa saa mbili makumbusho yenu yalirudia kile kitisho changu, ila kwa vifaa bora zaidi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Chumba cha mahabusu

Mnacho chumba cha mahabusu cha zamani, chenye mlango wa chuma na kidirisha cha kuchungulia. Kwa maoni yangu ndicho kitu cha thamani kuliko vyote mlivyo navyo. Mtoto akisimama mle ndani, mlango ukiwa wazi, akaona kuta zilivyo karibu na mwanga ulivyo haba, anaelewa kwa nusu dakika jambo ambalo mimi ningelieleza jioni nzima nisimalize: kwamba kumnyima mtu uhuru wake ni jambo zito.

Yaliyotokea ni haya. Mwongozaji wetu, mzee mstaafu wa polisi, mchangamfu, ambaye watoto walikuwa wamekwisha kumzoea, alimwita mwanangu mdogo aingie. Akaingia akitabasamu. Mzee akamuuliza kwa ile sauti ya kazini, "Haya kijana, umeiba nini?" Mtoto hajajibu, mlango ukafungwa na komeo likasukumwa. Wageni waliokuwa nyuma yetu walicheka, mmoja akatoa simu apige picha. Mpaka nilipowapita nikafika mlangoni zilikuwa zimepita kama sekunde 20. Ndani hakukusikika kilio. Hakukusikika kitu chochote.

Alipotolewa, mzee alimpa mkono, na mimi kwa adabu zangu za kijinga nikamwambia mwanangu aseme asante. Akasema. Hakusema kingine mpaka usiku, namfunika shuka, ndipo aliponiuliza: "Mama, niliiba nini?"

Nikamjibu kwamba hakuiba kitu. "Sasa kwa nini nilifungiwa?"

Waheshimiwa, swali hilo mnalijua kwa jina jingine. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, katika ibara ya 9, unasema anayekamatwa aambiwe sababu wakati uleule anapokamatwa. Mtoto wa miaka 6 alifika hapo peke yake, gizani, bila wakili. Kama kungekuwa na ubao mmoja tu kwenye mlango ule unaoeleza kwamba askari haruhusiwi kumfungia mtu bila kumwambia kwa nini, mzee mwenyewe angekuwa na la kusema lenye maana kuliko utani wake.

Najua mtakachojibu, kwa sababu nilikwisha kujibiwa palepale: watoto wote hufurahia. Inawezekana wengi hufurahia. Wanaofurahia huonekana, kwa kuwa hupiga kelele na kurudi ndani mara ya pili. Asiyefurahia hunyamaza, kisha husema asante. Mzee yule simlaumu sana. Kamwe sidhani kama kuna aliyekaa naye akamwambia kwamba miaka yake ya kazi ya kituoni haikumwandaa kuongoza watoto wa chekechea.

2. Kadi za alama za vidole

Hapa watoto walifurahi kweli, nami pia. Kidau cha wino, kadi nyeupe, vidole 10 kimoja baada ya kingine, kioo cha kukuzia. Binti yangu aligundua kwamba gumba lake lina mzunguko na la kaka yake lina tao, wakalinganisha mpaka wakasahau kugombana. Ndivyo makumbusho yanavyopaswa kuwa.

Tatizo lilikuja mwisho. Kila mtoto alijaziwa kadi mbili, zenye jina kamili, umri na shule. Moja alipewa, nyingine ikatumbukizwa kwenye sanduku la mbao chini ya meza. Nilipouliza ya pili ni ya nini, nikaambiwa, "Ya kumbukumbu tu, mama." Kumbukumbu ya nani? Inakaa wapi? Nani anaifungua? Kijana wa mezani hakujua, na sikumtegemea ajue. Barua yangu iliwauliza ninyi, na jibu sijapata hadi leo.

Msinione mtu wa kukuza mambo. Januari 2001 huko Uingereza mvulana wa miaka 11 alikamatwa kwa tuhuma za kujaribu kupora, akachukuliwa alama za vidole na vinasaba, kesi ikaisha kwa kuachiwa huru. Polisi wakakataa kufuta kumbukumbu zake. Shauri hilo lilipanda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 4 Desemba 2008 mahakama ikaamua kwamba kuzishikilia alama za mtu ambaye hakutiwa hatiani kulivunja haki yake ya faragha. Ni miaka karibu 8 ya kubishania kumbukumbu za mtoto ambaye mahakama haikumkuta na kosa. Wangu hawakuwa hata na tuhuma. Walikuja kuona kofia na filimbi.

Kaka mpelelezi alilitazama lile sanduku muda mrefu kisha akaandika kitu kwenye daftari. Sikumuuliza.

3. Maiti ukutani bila onyo

Kutoka kwenye meza ya wino mnaingia moja kwa moja chumba cha upelelezi. Hakuna pazia, hakuna kibao, hakuna mtu mlangoni. Upande wa kushoto kuna picha za watu waliouawa, kubwa, na nyingine zinaonyesha nyuso. Nilimgeuza mdogo kwa mabega. Binti yangu alikuwa ametangulia na alikuwa anasoma, kwa sauti, maana ndiyo kwanza amejivunia kusoma vizuri, habari ya Ajentina mwaka 1892: mauaji ya watoto wawili, na alama ya kidole yenye damu iliyotambuliwa kwa mbinu za Juan Vucetich, mtaalamu wa alama za vidole wa polisi wa huko, ikathibitisha kwamba muuaji ni mama yao. Alipofika kwenye neno "mama" akasimama. Akanigeukia.

Habari hiyo ni ya kweli, na katika historia ya upelelezi ni kubwa, kwa kuwa inahesabiwa kuwa kesi ya kwanza ya mauaji duniani kutatuliwa kwa alama za vidole. Siombi ifutwe. Naomba mzazi ajulishwe kabla ya kona, achague. Sayansi hiyohiyo ingeelezwa kwa watoto kwa wizi wa kopo la sukari, na wasingepungukiwa chochote.

Mtasema wapelelezi wamesoma kwa picha kama hizo tangu zamani. Ni kweli. Mkusanyiko wa vielelezo vya uhalifu wa polisi wa London ulianza miaka ya 1870 kwa ajili ya kufundishia askari, na hadi leo haukufunguliwa kwa umma kama makumbusho ya kawaida. Wanajua kwamba chumba cha darasa la wapelelezi na chumba cha matembezi ya familia ni vyumba viwili. Kwenu vimekuwa kimoja.

4. Historia iliyokatwa katikati

Hili halikumliza mtu, lakini ndilo lililonifanya nikae niandike.

Ukumbi wenu wa kwanza ni mzuri. Mnaeleza vizuri jinsi Robert Peel, waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, alivyopitisha sheria ya kuanzisha polisi wa London mwaka 1829, na kwa nini walivikwa bluu wakati jeshi lilivaa nyekundu: raia hawakutaka wanajeshi mitaani, ikabidi polisi asifanane na mwanajeshi. Watoto waliielewa mara moja. Mmeonyesha kile kifaa cha mbao ambacho askari alikizungusha kwa mkono kikalia kwa-kwa-kwa kuita wenzake, kabla filimbi haijachukua nafasi yake miaka ya 1880. Mpaka hapo nilikuwa nawasifia kimoyomoyo.

Kisha kaka mpelelezi akanyoosha mkono, kama darasani. "Afande, mliwahi kumkamata mtu ambaye hakufanya kitu?"

"Polisi hakamati mtu bure," mzee akajibu. Watu wakacheka tena.

Jioni niliomba kulisoma daftari. Ukurasa wa siku hiyo ulikuwa na mstari mmoja: "Polisi hakamati mtu bure. (Na yule mdogo je?)"

Kijana huyo alistahili jibu, na jibu mnalo kwenye kuta zenu wenyewe, mmeligeuza tu upande wa nyuma. Askari aliyepewa namba 1 katika polisi wale wa 1829 alifukuzwa kazi siku yake ya kwanza kwa ulevi. Watoto wangecheka na wangejifunza kwamba tangu siku hiyo ilikuwepo mamlaka ya kumfukuza. Mwaka 2004 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilimshikilia wakili mmoja wa jimbo la Oregon likidai alama ya kidole iliyopatikana baada ya milipuko ya treni za Madrid ni yake. Haikuwa yake. Wahispania walimtambua mtu mwingine, na FBI ikamwomba radhi. Sayansi ileile ya vidole mnayoisifu ukutani, mikononi mwa wataalamu, ilikosea. Hilo si aibu ya makumbusho kulisema. Mtoto wa miaka 11 anaweza kulibeba.

Halafu kuna yaliyoachwa pembeni. Ubao wenu unampa Edward Henry sifa yote ya mfumo wa kupanga alama za vidole. Henry alikuwa mkuu wa polisi Bengal, katika India ya kikoloni, na waliofanya hesabu na uainishaji chini yake ni maafisa wawili Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897. Ya London ikafuata mwaka 1901. Majina mawili ya kuongeza kwenye ubao, ndiyo yote.

Wala hamkusema alama hizo zilitumika kwa nani zaidi ya wahalifu. Katika Kenya ya kikoloni sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande chenye alama za vidole vyao, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Hawakuwa wameshtakiwa kwa lolote. Mtu akikutwa hana kipande, polisi walimkamata. Kila msomaji wa Kiswahili analijua neno kipande, na wengi wetu tulilisikia kwa babu zetu kabla ya kulikuta kitabuni. Makumbusho ya historia ya polisi yenye ukuta mzima wa alama za vidole, na neno hilo halimo hata mara moja! Mkisema "hatutaki kuwachanganya watoto na siasa", nitawauliza kama maiti ukutani hazikuwachanganya.

5. Wanawake

Nilihesabu sanamu 11 zilizovishwa sare. Mwanamke ni mmoja, amekaa mbele ya taipureta. Binti yangu alimzunguka mara mbili kutafuta kama ana pingu. Los Angeles ilimwajiri Alice Stebbins Wells kuwa polisi mwaka 1910, na Edith Smith alipewa mamlaka kamili ya kukamata mjini Grantham, Uingereza, mwaka 1915. Vitambaa vya sare mnavyo. Sanamu mnazo.

6. Vimo

Bunduki zimepangwa usawa wa macho ya mtoto wa miaka 6. Maelezo yamebandikwa usawa wa macho yangu, nami si mfupi. Kwa hiyo mtoto anaiona silaha vizuri na hajui inahusu nini, wakati mtu mzima anasoma habari za silaha asizoziona bila kuinama. Badilisheni nafasi. Na mabenchi, tafadhali, hata mawili.

Sasa nizungumzie bajeti, maana najua ndiko tutakakoishia. Mengi ya haya hayahitaji fedha. Mlango kubaki wazi ni bure. Kibao cha onyo ni karatasi na gundi. Kuacha kutunza nakala za kadi kunawapunguzia kazi. Na mkiniambia kwamba ninyi ni kitengo cha polisi na makumbusho ni kazi ya ziada, basi ondoeni jina hilo kwenye lango. Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipokutana Prague Agosti 2022 liliandika upya maana ya neno makumbusho: taasisi inayoitumikia jamii, iliyo wazi kwa umma, inayofikika na isiyombagua mtu, yenye kutoa elimu, burudani, tafakari na maarifa. Mmeweka vikundi vya shule kwenye matangazo yenu. Mmewaalika wenyewe.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza, mtoto asifungiwe tena chumba cha mahabusu, hata kwa utani, hata mzazi akiomba picha. Mlango ufungwe kwa kamba ukiwa wazi. Pili, kadi zote za watoto zilizomo ndani ya sanduku lile zirudishwe kwa wazazi wanaopatikana, zilizobaki ziteketezwe mbele ya shahidi asiye wa kwenu, na mtangaze kwa maandishi kwamba limefanyika. Tatu, chumba cha upelelezi kiwekewe pazia na onyo, na kuwe na njia ya kukipita pembeni. Nne, waongozaji wapewe mafunzo ya kuzungumza na watoto, wakiwemo wale ambao hawacheki. Tano, ukuta wa alama za vidole uandikwe upya pamoja na makosa yake na kipande chake, na mkihitaji watu wa kuandika, wapo walimu wa historia watakaokuja kwa nauli tu. Mengine nimeyataja, fanyeni kadiri mnavyoweza.

Majibu nayaomba kwa maandishi ndani ya siku 30, yenye sahihi ya mtu na si muhuri peke yake. Nitayabandika hapahapa nilipoibandika barua hii, yakiwa mazuri au mabaya, bila kuyapunguza.

Kuhusu kadi tatu za watoto wetu, sitasubiri siku 30. Nitakuja kuzichukua Jumamosi ijayo saa nne asubuhi. Mdogo amekataa kuja. Binti atakuja kwa sababu anataka kuuliza habari za pingu, na kaka mpelelezi atakuja na daftari. Namwombea mzee yule awepo zamu siku hiyo, maana watoto wanampenda bado, na lipo swali moja ambalo mwanangu amemtuma dada yake amfikishie.

Wenu,
Mama wa wawili, na shangazi wa yule mwenye daftari